Seyyid Barghash na Mnara wa Taa wa Unguja

Katika karne ya 19, majahazi yaliyopakia boriti za mikoko kutoka delta ya Rufiji yalielekea Unguja kwa kutegemea nyota, pepo za misimu na uzoefu wa manahodha. Usiku, miamba na mafungu ya mchanga hayakuonekana. Mtawala aliyeisimamishia bandari ya Unguja mnara wa taa ni Seyyid Barghash bin Said.

Mwaka 1859 Barghash alijaribu kumpindua kaka yake, Seyyid Majid, akashindwa na kupelekwa uhamishoni Bombay. Alirithi kiti mwezi Oktoba 1870. Mwezi Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja, kikaangamiza merikebu zake na mashamba ya mikarafuu. Mwaka uliofuata, kwa shinikizo la Uingereza, alitia saini mkataba uliopiga marufuku biashara ya watumwa baharini.

Barghash hakuipa bahari kisogo. Aliagiza meli za mvuke, akawaletea wananchi wa mjini maji safi ya mabomba, na mwaka 1883 akajenga Beit al-Ajaib. Mbele ya makasri yake, ufukweni, ulisimama mnara wenye saa na taa ya kuongozea vyombo.

Alifariki dunia Machi 1888. Tarehe 27 Agosti 1896 mizinga ya Uingereza iliuharibu vibaya mnara huo na kuizamisha meli yake, Glasgow, bandarini. Taa iliyowahudumia mabaharia wa mataifa yote ilipotea katika vita vilivyodumu chini ya saa moja.