Sayyid Said bin Sultan na Damu ya Badr

Sayyid Said bin Sultan, ambaye katika enzi yake misafara ya watu wa pwani ilifika hata Karagwe na Buganda, aliingia katika utawala kwa damu ya jamaa yake. Baba yake, Sayyid Sultan bin Ahmad, aliuawa baharini mwaka 1804. Mtoto wa ammi yake, Badr bin Seif, akaja Maskati kuwalinda vijana, kisha akashika amri yote, akaegemea Mawahabi. Mwaka 1806, katika ngome ya Naaman karibu na Barka, Said, kijana wa miaka kama 15, alimpiga dharuba. Badr akaruka dirishani hali amejeruhiwa, akafuatwa, akauawa.

Je, shauri lilikuwa la nani? Ibn Ruzaiq, mwanahistoria wa Oman, amtaja Muhammad bin Nasir al-Jabri. Riwaya nyingine zamtaja Bibi Moza, shangazi yake Said. Ibn Ruzaiq alikuwa mtu wa nchi, na neno lake lina uzito. Lakini aliandika baada ya miaka kama 50, na al-Jabri alikuwa amekwisha gombana na Said na kujiunga na Mawahabi. Lawama humwelekea upesi aliyekwisha kuwa adui. Wala riwaya hizi hazipingani kwa lazima: Bibi Moza aweza kuwa alitaka, na al-Jabri akapanga. Lakini hapana hata moja inayouondoa mkono wa Said mwenyewe.