Rumanyika Orugundu na Vita vya Kugombea Kiti cha Karagwe

Rumanyika I Orugundu alitawala Karagwe, ufalme uliojumuisha Nkwenda, ambayo tangu 2012 imo katika Wilaya ya Kyerwa. Baba yake, Ndagara, alipofariki katika miaka ya 1850, nduguye Rogero alidai kiti kwa hoja kwamba yeye pekee alizaliwa baada ya baba yao kutawazwa. Kwa mujibu wa masimulizi aliyoyarekodi Speke, wana wa mfalme walitahiniwa kwa kuinua ngoma ndogo, na Rumanyika ndiye aliyeiinua. Ngoma ilimpa uhalali; haikumpa ushindi. Rogero aliasi, na Rumanyika hakumshinda mpaka aliposaidiwa na Musa Mzuri, mfanyabiashara wa Kihindi wa Kaze (Tabora), kwa watu wenye bunduki.

Speke na Grant walipowasili Bweranyange Novemba 1861, walimsifu kwa upole na ukarimu, kama alivyofanya Stanley mwaka 1876. Hata hivyo, sifa hiyo haiwezi kutenganishwa na haja yake ya washirika. Rogero alikuwa angali hai, akiishi kilimani karibu na Mto Kagera, na Rumanyika alimwomba Speke uganga wa kumwua.

Rumanyika alifariki mwaka 1878, na ugomvi wa urithi ukaibuka upya. Hivyo basi, bunduki za wageni zilimlinda mtawala mmoja, lakini hazikuimarisha utaratibu wa kurithishana madaraka.