Mmarekani wa Ujiji: Maisha ya Henry Morton Stanley

Katika kartiye Golf, mzungu akionekana asubuhi anatembea kwa miguu, amevaa kaptula, anasalimia mlinzi wa kila lango na kicheko chake kinasikika hadi ng'ambo ya barabara, watu hawachelewi kumpa nchi. Atakuwa Mmarekani tu. Mbelgiji, tunadhani, angepita ndani ya gari na vioo vimefungwa. Mmoja tuliyemwita Mmarekani kwa miezi kadhaa katika barabara yetu alikuja kujulikana kuwa Mholanzi, na hakuna aliyejali sana, kwa sababu jina lilikuwa limekwisha kumkaa.

Kosa la namna hiyo lina historia ndefu huku kwetu. Mmarekani aliyevuma kuliko wote waliovuka nchi hii katika karne ya 19, yule aliyeingia Ujiji na bendera ya nyota na milia mbele ya msafara wake, hakuwa Mmarekani. Wanafunzi wengi wa kitivo chetu wanamjua Stanley kama mtu wa Leopold II, na ni haki wamjue hivyo. Lakini kabla ya kuwa mtu wa Leopold alikuwa mtu wa kujitungia uraia, na nadhani huyu wa pili hasomwi vya kutosha.

Alizaliwa tarehe 28 Januari 1841 huko Denbigh, kaskazini mwa Wales, akaandikwa John Rowlands. Mama yake hakuwa ameolewa na hakumlea. Babu aliyemtunza alipofariki, mtoto alihamishwa huku na huku, na mwaka 1847, akiwa na umri wa miaka sita, akapelekwa katika nyumba ya maskini ya St Asaph, mahali ambapo serikali ya Uingereza iliwaweka wasio na mtu wa kuwalisha. Huko alikaa hadi mwaka 1856. Lugha yake ya kwanza ilikuwa Kiwelshi. Aibu ya kuzaliwa kwake na ya nyumba ile haikumtoka, na bila kuijua hiyo aibu, mambo mengi aliyoyafanya baadaye yanaonekana kama ujinga mtupu.

Mwishoni mwa mwaka 1858 alipanda meli Liverpool kama kijana wa kazi, akashuka New Orleans mwanzoni mwa mwaka uliofuata. Baadaye alisimulia kwamba mfanyabiashara tajiri wa mji ule, Henry Hope Stanley, alimpenda, akamfanya mwanawe na kumpa jina lake. Waliochunguza maisha yake hawakupata uthibitisho wa hadithi hiyo, na wengi wao wanaona kwamba aliitunga. Jina alilichukua, baba akambuni.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilimkuta huko. Aliingia jeshi la Kusini mwaka 1861, akatekwa katika mapigano ya Shiloh mwezi Aprili 1862, akafungwa Chicago, na ili atoke gerezani akakubali kuvaa sare za Kaskazini. Aliugua, akaachishwa. Baadaye akaingia jeshi la majini la Kaskazini na mwaka 1865 akatoroka. Kwa hiyo alikuwa ametumikia pande zote mbili za Marekani kabla ya kuwa raia wa Marekani.

Kazi ya gazeti ndiyo iliyompa sura aliyokuwa akiitafuta. Mwaka 1868 gazeti la New York Herald lilimtuma Uhabeshi kufuata jeshi la Waingereza lililomwendea Mfalme Tewodros. Kabla ya kwenda alikuwa amemhonga mtu wa telegrafu pale Suez, na habari za kuanguka kwa Magdala zikafika London kupitia gazeti la New York kabla serikali ya Uingereza yenyewe haijapata taarifa za jemadari wake. Waingereza walikasirika, na kwao ile ilikuwa tabia ya Kimarekani kabisa: haraka, fedha, na kutoona haya.

Mwenye gazeti, James Gordon Bennett mdogo, alimwita Paris mwezi Oktoba 1869, akamwagiza amtafute David Livingstone. Tarehe 6 Januari 1871 Stanley alishuka Unguja.

Hapa inafaa kusimama kidogo, kwa sababu Unguja ilikuwa na Marekani yake tayari. Sultani Seyyid Said alikuwa amefanya mkataba wa biashara na Marekani mwaka 1833, na kuanzia mwaka 1837 kulikuwa na balozi mdogo wa Marekani kisiwani, mfanyabiashara kutoka Salem, Massachusetts. Meli za Salem zilichukua pembe za ndovu, karafuu na sandarusi, zikaleta kitambaa cha pamba, kizito, kisichotiwa rangi, kilichofumwa katika viwanda vya Massachusetts. Watu wa pwani walikiita merikani, au amerikani. Kitambaa hicho kilikwenda bara hadi Unyanyembe, Ujiji na Manyema. Kilikuwa nguo, sanda na fedha kwa wakati mmoja. Hongo kwa machifu ilihesabiwa kwa doti za merikani, kaniki na shanga. Wakati wa vita vya Marekani kitambaa kiliadimika, na wafanyabiashara wa pwani wakaihisi vita ile mifukoni mwao bila kumwona askari hata mmoja. Kwa hiyo mpagazi wa Kinyamwezi alijua Marekani kwa uzito wake begani miaka mingi kabla ya kumwona mtu aliyejiita Mmarekani. Wenzetu wa isimu wanaoorodhesha maneno ya mkopo huliandika neno hili kwa mstari mmoja na kupita. Mimi naona linastahili ukurasa.

Stanley alinunua merikani kwa maelfu ya yadi kwa msaada wa balozi Francis Webb, akaajiri watu wapatao 190, akaondoka Bagamoyo mwezi Machi 1871. Njiani alikuwa mkali kupita kiasi. Alichapa wapagazi, aliwafunga waliotoroka, na wazungu wawili aliokwenda nao walifia njiani. Mwezi Novemba 1871, kwa hesabu yake mwenyewe, aliingia Ujiji. Bunduki zilipigwa, bendera ya Marekani ikatangulia. Livingstone mwenyewe aliandika kwamba bendera ndiyo iliyomwambia mgeni ni wa nchi gani. Salamu maarufu aliyodai kuitoa siku ile imerudiwa duniani kote hata ikawa mzaha, lakini katika shajara yake kurasa za tukio hilo zimenyofolewa.

Aliporudi London mwaka 1872 alitarajia shangwe. Watu wa kawaida walimshangilia, lakini mabwana wa Chama cha Kifalme cha Jiografia walimpokea kwa dharau. Mwenyekiti wao alikuwa amedokeza kwamba huenda Livingstone ndiye aliyemwokoa Mmarekani yule. Magazeti yakauliza kama barua za Livingstone alizozileta hazikughushiwa, mpaka jamaa za Livingstone waliposema kwamba wanautambua mwandiko. Katika mkutano wa Brighton mwezi Agosti, alipohutubia wanajiografia, Francis Galton aliyeongoza kikao alimdadisi hadharani kuhusu asili yake. Stanley alikasirika. Magazeti ya Wales yalikuwa yameanza kuandika kwamba huyu ni John Rowlands wa Denbigh, naye akakana. Malkia Victoria alimpa kisanduku cha dhahabu cha ugoro chenye almasi, lakini minong'ono haikukoma.

Mabwana wale walimkataa kwa kuwa Mmarekani: mwandishi wa magazeti, mpiga kelele, asiye na adabu wala elimu. Wote walikuwa wanamwangalia Mwingereza mwenzao, raia wa Malkia, mtoto wa nyumba ya maskini waliyoijenga wao wenyewe. Naye, kwa upande wake, alikuwa amejifunza kwamba sura ya Mmarekani inamfaa. Mmarekani haulizwi babu yake nani. Kelele, majigambo na haraka ambavyo vingemfanya mtoto wa St Asaph afukuzwe mlangoni, kwa Mmarekani vilikuwa vitu vilivyotazamiwa. Kwa hiyo akavizidisha. Picha waliyokuwa nayo wageni juu ya Wamarekani ikawa nguo yake ya kazi, na kila alipoivaa akawathibitishia kwamba Wamarekani wako hivyo.

Mtu mmoja alimpima kwa njia nyingine, na ushahidi wake uko katika lugha yetu. Mwaka 1876, katika safari yake ya pili iliyolipiwa na New York Herald pamoja na Daily Telegraph la London, Stanley alikutana na Tippu Tip karibu na mto Lualaba. Tippu Tip, yaani Hamed bin Muhammed el Murjebi, alisimulia maisha yake kwa Kiswahili. Heinrich Brode akayachapisha Berlin mwanzoni mwa karne ya 20, na W. H. Whiteley akayatoa tena pamoja na tafsiri ya Kiingereza miaka ya 1950. Anaeleza kwamba Stanley alijisifu kuwa na bunduki inayotoa risasi kumi na tano kutoka mtutu mmoja. Tippu Tip akamwomba aipige waione. Stanley akasema ni afadhali alipe riali ishirini au thelathini kuliko kupoteza risasi moja. Mfanyabiashara akawaza moyoni kwamba huyu anadanganya. Basi naye akamwambia kwamba kuna mto ambako watu wana upinde wa kutupa mishale ishirini kwa pamoja, na kila mshale unaua mtu. Hapo Stanley akatoka nje, akapiga risasi kumi na mbili mfululizo, kisha akachukua bastola akapiga sita. Watu wakastaajabu.

Katika simulizi hiyo Tippu Tip hahitaji kujua kama mgeni ni Mmarekani au Mwingereza. Anasikia majigambo, anayajibu kwa uongo mkubwa zaidi wenye uso wa kweli, na anapata alichotaka, yaani kuiona bunduki. Kuhusu malipo ya kusindikizwa hawakukubaliana hata katika kumbukumbu: Stanley aliandika riali 5,000, Tippu Tip akataja 7,000, na alilalamika kwamba ahadi hazikutimizwa.

Stanley alifika Boma mwezi Agosti 1877, baada ya kuteremka mto wote. Wazungu watatu aliotoka nao pwani walikuwa wamekufa, pamoja na wapagazi wengi. Habari za mauaji aliyoyafanya kisiwani Bumbire, katika Ziwa Victoria, mwaka 1875, zilikuwa zimewafikia Waingereza, na baadhi yao waliona ni ukatili wa mtu wa Herald. Serikali yao haikutaka kuichukua Kongo. Leopold II alitaka.

Kuanzia mwaka 1879 hadi 1884 Stanley alimjengea Leopold vituo na barabara kutoka Vivi kupanda juu, na hapo ndipo watu wa Kongo ya chini walipomwita Bula Matari, mvunja mawe. Hili ndilo jina pekee ambalo hakulitunga mwenyewe. Baadaye likahamia kwa serikali yenyewe ya kikoloni, na wazee wengi walilitaja wakimaanisha kodi, kazi za lazima na kiboko, bila kumfikiria Stanley.

Leopold alijua thamani ya nguo ile ya Kimarekani. Wakala wake Henry Shelton Sanford, aliyekuwa Mmarekani kweli, aliupeleka Washington mpango wa Kongo kama kazi ya hisani na biashara huru, iliyoanzishwa na shujaa wa Kimarekani. Tarehe 22 Aprili 1884 Marekani ikawa dola ya kwanza kubwa kuitambua bendera ya chama cha Leopold. Miezi michache baadaye, katika Mkutano wa Berlin, Stanley alikaa na wajumbe wa Marekani kama mtaalamu wao. Uraia wa Marekani aliuchukua rasmi mwezi Mei 1885, mkutano ulipokuwa umekwisha, hasa ili kulinda mapato ya vitabu vyake. Mwaka 1892 akaurudia uraia wa Uingereza. Kisheria alikuwa Mmarekani kwa miaka saba tu.

Katika miaka hiyo saba alifanya safari ya Emin Pasha, ya 1887 hadi 1889, iliyoacha maiti nyingi msituni Ituri. Mmoja wa maofisa wake, William Stairs, mzaliwa wa Halifax, Kanada, alirudi mwaka 1891 akiongoza msafara wa Kampuni ya Katanga hadi Bunkeya. Tarehe 20 Desemba ya mwaka huo M'siri aliuawa kwa risasi. Stanley mwenyewe hakukanyaga mahali mji wetu ulipojengwa. Mkono wake ulitufikia kwa njia ya mwanafunzi wake.

Mwaka 1890 Mmarekani mwingine alipanda mto Kongo. George Washington Williams, mtu mweusi aliyezaliwa Pennsylvania mwaka 1849, mwanahistoria na mchungaji, naye alikuwa ameingia jeshi la Kaskazini akiwa kijana mdogo. Alikwenda akiisifu kazi ya Leopold. Akiwa Stanley Falls, mwezi Julai, alimwandikia mfalme barua ya wazi, akieleza jinsi mikataba ilivyopatikana kwa hila za betri iliyofichwa chini ya koti na kioo cha kuwasha sigara kwa jua, pia ununuzi wa watu na vijiji vilivyochomwa. Alipouliza wenyeji kuhusu Stanley, aliandika, alikuta jina lake linatia hofu. Magazeti ya Ubelgiji yalimtukana, Stanley akamdharau, na Williams akafa kwa ugonjwa Blackpool mwaka 1891, akiwa na miaka 41. Hakuna aliyemwita Mmarekani wa Kongo. Hakufanana na Wamarekani ambao Ulaya ilikuwa imekwisha kuwazoea.

Stanley aliingia Bunge la Uingereza mwaka 1895, akapewa cheo cha Sir mwaka 1899, akafa London tarehe 10 Mei 1904. Alitamani kuzikwa Westminster Abbey karibu na Livingstone. Mkuu wa kanisa akakataa. Yuko Pirbright, chini ya jiwe kubwa lililochongwa jina lake la kujitwalia, jina la Bula Matari, miaka yake na neno Afrika. Wales haimo, wala Marekani.

Mjane wake, Dorothy, alitoa kitabu cha maisha yake mwaka 1909, na baba wa New Orleans akabaki humo kama alivyobuniwa. Shajara, barua na daftari zake sasa ziko katika jumba la makumbusho la Tervuren, nje kidogo ya Bruxelles. Mwanafunzi wa hapa anayetaka kushika mkononi shajara ile isiyo na kurasa za Ujiji inambidi aombe viza kwanza.