Adrian Atiman, Mganga wa Karema

Chanjo ya UVIKO-19 ilipofika nchini mwaka 2021, wengi wetu tuliingiwa na shaka. Wala haitupasi kuwacheka waliosita, maana ni vigumu kuipokea dawa mkononi mwa mtu usiyemjua. Ndiyo sababu twataka kumkumbuka leo Adrian Atiman.

Alizaliwa yapata mwaka 1866 karibu na mto Niger, katika nchi iitwayo sasa Mali. Angali mtoto aliibwa, akauzwa, akavushwa jangwa la Sahara, hata Mapadre Weupe wakamkomboa katika Algeria mwaka 1876. Kardinali Lavigerie alitaka Waafrika wasomee uganga, kisha wakaishi Kiafrika kati ya Waafrika wenzao. Basi kijana huyu akapelekwa Malta, akasoma katika chuo kikuu cha huko hata mwaka 1888.

Mwaka ule ule alipanda kutoka pwani pamoja na msafara, akaishika njia ya Tabora. Wasomaji wetu wa Unyanyembe waijua habari ya njia hiyo: ndiyo waliyoteremshwa watumwa kwenda kuuzwa. Naye aliyepata kuuzwa akaifuata kwa miguu, akielekea bara kutibu watu. Mwanzoni mwa mwaka 1889 akawasili Karema, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, penye ngome waliyoijenga Wabelgiji mwaka 1879 na kuwaachia mapadre mwaka 1885.

Hapo rangi yake haikumwondolea ugeni. Hakuwa na jamaa, wala ukoo. Nani angempa mwanawe amtibu kwa sababu tu amesoma Malta? Akaoa Agnes, binti wa ukoo wa kitemi wa Wabende. Mwana wao mmoja akawa padre. Akafundisha dini, akatibu wagonjwa, akakaa. Wadachi wakaja wakatawala wakaondoka, Waingereza wakashika nchi, yeye yu Karema vile vile. Mtoto aliyemtibu katika miaka ile ya kwanza aliweza kumletea wajukuu.

Elimu ya uganga ya leo yaipita mbali ile ya Malta, hatubishi. Lakini mara nyingi mganga wetu huhamishwa kabla hajazijua nyumba zetu, kisha twashangaa watu wanapomwogopa yule ajaye na sindano.

Atiman alifariki mwaka 1956, mzee wa miaka kama 90. Ni wachache mno pale Karema waliokuwa wangali wakiikumbuka Karema isiyokuwa na Atiman.