Aliyetazamwa na Kamera Akaja Kuishika

Msafiri atokaye Moshi kwenda Arusha hupita Usa River, na hapo ndipo njia ya Ngurdoto na Momella inapochepuka kuelekea miteremko ya Mlima Meru. Kwa ndugu zetu wa visiwani ambao hawajafika huko, yatosha kusema kwamba Momella ni miongoni mwa mahali ilipopigwa filamu ya Hatari!, jina ambalo kwetu halikuhitaji mkalimani. Kazi hiyo ilianza mwishoni mwa mwaka 1960 na kuendelea mwanzoni mwa 1961, Tanganyika ikiukaribia uhuru wake. Filamu hiyo inapozungumzwa, anayetajwa kwanza ni John Wayne. Bibi aliyecheza naye husemwa tu kwamba alikuwa mzuri, basi. Sisi tunaona kwamba hajatendewa haki.

Elsa Martinelli alizaliwa mwaka 1935 huko Grosseto, Italia, katika familia maskini yenye watoto wengi. Utoto wake uliangukia miaka ya vita. Familia ilihamia Roma, na binti akalazimika kufanya kazi mapema. Mwaka 1953 alikuwa mhudumu wa baa alipoonwa na Roberto Capucci, fundi wa mitindo ambaye mwenyewe alikuwa bado kijana, amezaliwa mwaka 1930. Capucci akamtaka avae nguo zake na kuzionyesha.

Wakati huo ulikuwa na neema yake. Mwaka 1951 Giovanni Battista Giorgini alikuwa amewaalika Florence wanunuzi kutoka Marekani ili wayaone mavazi ya Kiitalia, na biashara hiyo ikaanza kuchanua katika nchi iliyokuwa bado inafukia mashimo ya mabomu. Mafundi walihitaji wasichana.

Wapo miongoni mwetu wanaoihesabu kazi hiyo kuwa uvivu wenye marashi. Hawajaitazama kwa karibu. Mwanamitindo husimama saa nyingi huku nguo ikipimwa, ikifumuliwa na kubanwa upya kwa pini mwilini mwake. Kisha hutembea mbele ya wanunuzi ambao macho yao yanatafuta kasoro ya mshono. Hana ruhusa ya kuchoka wala ya kuonyesha kuwa amechoka. Kwa binti aliyetoka kuhudumia wateja wa baa, hiyo ilikuwa ajira, na aliishika kama ajira.

Kazi hiyo ilimfikisha New York, na picha zake zikaingia magazetini. Kirk Douglas aliiona mojawapo akamchukua kwa filamu ya The Indian Fighter, iliyotoka mwaka 1955. Mwaka uliofuata, akiwa na umri wa miaka 21, alitunukiwa mjini Berlin tuzo ya mwigizaji bora wa kike kwa filamu ya Donatella. Waliodhani amebebwa na sura peke yake walipata jibu hapo.

Ndipo Howard Hawks akamleta Tanganyika. Katika Hatari! yeye ni Dallas, mpiga picha aliyekuja kuwapiga picha wakamata wanyama kazini. Miaka michache nyuma alikuwa akiishi kwa kutazamwa na kamera. Chini ya Meru akaishika yeye. Wengi wanamkumbuka zaidi akiwaongoza ndama watatu wa tembo kwenda kuoga, huku muziki wa Henry Mancini ukiwafuata. Ndama hao hawakuwa wa kuchora. Mwendo aliofundishwa Roma, wa kutulia hata nyuma pakiwa na vurugu, ulimfaa hapo kuliko mahali pengine popote.

Filamu ilitoka mwaka 1962. Ngurdoto ilikuwa imefanywa hifadhi ya taifa mwaka 1960, na tangu 1967 inaitwa Hifadhi ya Taifa ya Arusha. Tunawaomba maofisa wanaohusika na utalii kwamba, popote habari za filamu hiyo zinapoelezwa kwa wageni, jina la bibi huyu liandikwe kwa ukamilifu, pamoja na kazi aliyoanzia. Na kama yupo awezaye kukusanya majina ya wananchi wa Meru waliofanya kazi nyuma ya kamera zile, akusanye sasa, kwa maana wazee wanapungua.

Elsa Martinelli alifariki dunia mjini Roma tarehe 8 Julai 2017, akiwa na umri wa miaka 82.