Kabla ya Nobel, Wangari Maathai alikuwa mtoi wa Nakuru

Uliza msee yeyote Wangari Maathai alikuwa wa wapi na atakuambia Nyeri. Hajakosea. Lakini kabla ajue kusoma, kabla ya digrii, kabla ya Nobel na zile vita zote na serikali, huyu mama alikuwa mtoi wa huku kwetu. Aliishi kwa shamba la mzungu Nakuru miaka kama minne hivi, na hiyo sehemu ya maisha yake watu huiruka wakikimbilia stori ya Uhuru Park. Leo hatuiruki.

Alizaliwa tarehe 1 Aprili 1940, kijiji cha Ihithe, Nyeri. Buda yake, mzee Muta, alikuwa dereva na mekanika kwa shamba la setla Nakuru. Wangari akiwa bado mdogo sana, mnamo 1943 hivi, mathe yake akamleta huku kuungana na mzee. Ni enzi za mkoloni, mashamba makubwa ya Rift ni ya wazungu, na Waafrika wako hapo kama vibarua tu. Wafanyakazi waliishi kila kabila upande wake: Wakikuyu huku, Wakipsigis kule, Wajaluo pale. Wote bosi wao ni mmoja, lakini watoi hawakuwa wakichanganyika sana. Hiyo weka kando kidogo, itarudi.

Ngori ilikuwa shule. Hapo shambani haikuwa. Kwa hivyo 1947 mathe akabeba watoto wakarudi Ihithe ili makaka wa Wangari wasome. Yeye hakuwa kwenye hiyo mpango, alikuwa wa kubaki home kusaidia kazi. Ni kaka yake Nderitu ndiye aliuliza swali ambalo hakuna mkubwa alikuwa ameuliza: mbona Wangari haendi shule kama sisi? Mathe akafikiria, akakubali. Basi. Akaanza darasa akiwa na miaka 8. Swali moja la kijana mdogo na historia ya Kenya ikabadilika hivyo.

Hapo Ihithe ndipo miti ilimwingia. Karibu na kwao kulikuwa na mugumo mkubwa, na mathe yake alimkataza kabisa kuokota kuni za huo mti kwa sababu wazee waliuheshimu kama mti wa Mungu. Karibu na mugumo kulikuwa na kijito, na Wangari alikuwa anashinda hapo akicheza na mayai ya vyura, akidhani ni shanga za kuvaa shingoni.

Akasonga mbele: bweni ya masista Mathari, halafu Loreto Limuru. Enzi hizo ni za hali ya hatari. Akiwa tineja, akisafiri kuja kumwona buda yake Nakuru wakati wa likizo, alishikwa na akalala kizuizini siku mbili. Kosa lake ni kuwa Mkikuyu njiani tu. Kwa hivyo usidhani karao alimjua kwanza uzeeni.

1960 akapata nafasi ya kwenda kusoma Marekani na mamia ya Wakenya wengine. Alifanya biolojia Kansas, akaongeza digrii ya pili Pittsburgh mwaka wa 1966, akarudi Nairobi, na 1971 akapata udaktari wa falsafa. Anatajwa kama mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na Kati kufika hapo. Mimi niliyeacha chuo katikati nasema tu heshima.

Sasa akiwa mhadhiri, alikuwa anatoka mashinani kufanya utafiti wa kupe wanaoua ng'ombe. Huko akaona kitu kingine. Ng'ombe wamekonda. Mvua ikinyesha mito inakuwa ya brauni kwa udongo. Alipofika kwao Ihithe, ule mugumo ulikuwa umekatwa, na kile kijito kimekauka. Mtaalamu wa kupe akagundua shida kubwa si kupe.

Hapa ndipo stori za mashujaa huwa zinapaka rangi, kwa hivyo tuseme ukweli: mara ya kwanza alifeli. Katikati ya miaka ya sabini alianzisha kakampuni ka kuajiri watu wasio na kazi wapande miti. Doh hazikuwa, maji nayo yakawa shida, na miche mingi ikakauka. Wengine tungechapa hapo tuseme tulijaribu.

Yeye akapeleka wazo kwa Baraza la Kitaifa la Wanawake. Tarehe 5 Juni 1977, Siku ya Mazingira Duniani, wakatembea kutoka KICC hadi Kamukunji, Nairobi, wakapanda miti saba, kila mmoja kwa heshima ya shujaa wa jamii tofauti. Huo ndio mwanzo wa Green Belt Movement. Kati ya hiyo saba, mitano haikuishi. Mwaka huohuo wakapanda tena, safari hii karibu na Naivasha, kwa shamba la akina mama. Rift tena.

Miti mitano kati ya saba kufa ni somo, na Wangari alilishika. Mpango aliouunda baadaye ulikuwa hivi: kikundi cha akina mama kinaotesha miche, kinagawa bure, na kinalipwa senti kadhaa kwa kila mche ulioshika. Picha ya siku ya kupanda haikulipwa. Maafisa wa misitu walicheka, wakisema bila diploma huwezi kuotesha mti. Akina mama, wengi wao hawajui kusoma, wakaotesha kwa vyungu vilivyovunjika na chochote walichopata.

Na akaingia shule. Green Belt walikuwa wanatafuta ardhi ya umma, shule na makanisa, na kupanda mistari ya miti elfu moja au zaidi. Kwa shule, wanafunzi ndio walichimba na kumwagilia. Fikiria huyu ni mtoto ambaye shamba lao la Nakuru halikuwa na hata darasa moja. Alijua mtoi akipewa kitu cha kutunza kila siku, anakua nacho, na anaenda kukisema nyumbani.

Halafu mambo ya jiji. 1989 serikali ikataka kujenga jengo la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park, na ofisi za KANU humo. Uhuru Park ndipo mtu bila chapaa alikuwa anaenda kulala kwa nyasi Jumapili na familia yake. Wangari akaanza kuandika barua: kwa ofisi za serikali, kwa balozi, kwa kila mtu mwenye sanduku la posta. Wabunge wakamchamba bungeni, wakamcheka juu ameachwa na bwana. Alienda kortini na akashindwa. Ofisi za Green Belt zikafukuzwa kwa jengo la serikali, akahamishia kazi yote kwa nyumba yake South C. Lakini kelele ilikuwa imefika ng'ambo, waliotarajiwa kutoa pesa wakarudi nyuma, na mapema 1992 ua ukatolewa. Ukikatiza Uhuru Park leo, unakanyaga mahali jengo lilikosa kusimama.

Sasa turudi Nakuru, kwa ile kitu niliambia uweke kando. Kuanzia mwisho wa 1991, siasa za vyama vingi zikawasha moto Rift Valley. Molo, Njoro, Burnt Forest: watu waliuawa, nyumba zikachomwa, maelfu wakahama. Mtoi aliyekua akiona makabila yamepangwa kila moja kwa kona yake akarudi akiwa mama wa miaka 50 na kitu, kutembelea waliofukuzwa na kuwaketisha wale waliokuwa wanapigana. Vikundi vilihimizwa kuotesha miche na kupanda miti ya amani pamoja. Serikali haikufurahia. Mkutano aliopanga Nakuru 1993 ulizuiwa na polisi, na ikafika mahali ilibidi ajifiche. Hatari hiyo yote ni kwa sababu ya miche na kukaa chini kuongea.

Mwisho wa 1998 ikawa zamu ya msitu wa Karura, uliokuwa unamegewa watu wenye connection. Tarehe 8 Januari 1999 alienda kupanda mti hapo, akashambuliwa na magenge ya kukodiwa, akapasuliwa kichwa. Kituoni akatia sahihi ripoti kwa damu yake mwenyewe. Wanafunzi wa vyuo vikuu wakamwagika barabarani, na Agosti mwaka huo rais akapiga marufuku ugawaji wa ardhi ya umma. Na 2001, serikali ilipotangaza kukata hekta kama 67,000 za misitu, sehemu kubwa ikiwa Mau, alipinga pia. Sisi wa Naks tunafaa kujua hiyo vizuri, kwa sababu mto Njoro unatoka Mau na kuingia Ziwa Nakuru.

2002 akachaguliwa mbunge wa Tetu, kisha akawa waziri msaidizi. Tarehe 8 Oktoba 2004, Nobel ya amani ilipotangazwa, alikuwa njiani kwenda Tetu. Alisherehekea Nyeri kwa kuchimba shimo na kupanda nandi flame. Mwanamke wa kwanza Mwafrika kuipata, na mikono ina udongo.

Saratani ilimchukua tarehe 25 Septemba 2011. Hakutaka mti ukatwe kwa ajili yake, kwa hivyo jeneza lilitengenezwa kwa mianzi, mafunjo na magugu maji. Mazishi ya kitaifa yalifanyika Uhuru Park tarehe 8 Oktoba 2011, miaka saba kamili tangu ile simu ya Nobel.

Mimi nilipanda mti primary. Class yote ilipanda, mgeni akaja, picha zikapigwa, mandazi na soda zikatoka. Kisha tukafunga shule. Tulirudi muhula uliofuata tukapata vijiti vikavu na mbuzi mmoja hapo katikati, ameshiba. Hakuna mtu alikuwa amepangwa kumwagilia wakati wa likizo, na hakuna aliyeuliza.

Nakuru imekuwa jiji tangu tarehe 1 Desemba 2021. Barabara zitapanuliwa, majumba yatapanda, na jacaranda zitakuwa njiani mwa mtu fulani mwenye ramani. Kama una kadogo hapo kwenu anayesoma, au wewe ndio bado uko shule, hiyo siku ya kupanda miti ikifika na kila mtu yuko busy na picha, inua mkono uulize tu tukifunga shule nani anamwagilia. Kaka ya Wangari alikuwa mtoi pia alipouliza swali lake.