Jina la mpagazi na mshahara wake

Dawa ya deni ni kulipa, walisema wahenga. Walakini hawakutueleza dawa ya deni ambalo mdai wake amekwisha kufa, kaburi lake halijulikani, na hata jina lake liliandikwa vibaya na karani. Leo napenda kuzungumzia maisha ya mtu aliyehangaika na deni la namna hiyo. Alikuwa Mwingereza, tena mtumishi wa serikali ya kikoloni, na mimi si miongoni mwa wanaopenda kuwavisha wakoloni kanzu za utakatifu. Hata hivyo, maisha ya Luteni Kanali Oscar Ferris Watkins yana funzo kwa wale wanaotunga sheria zetu.

Naanza na neno, maana maneno ndiyo kazi yangu. Kila Mkenya anaijua Kariokor ya Nairobi, na kila Mtanzania anaijua Kariakoo ya Dar es Salaam. Majina hayo mawili yana mama mmoja, nalo ni jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza, Carrier Corps. Kiswahili hupenda silabi iliyo wazi, isiyofungwa na konsonanti. Kwa hiyo neno lilipopita katika vinywa vya wasemaji wetu lilisuguliwa mwisho wake hadi likawa koo huko Dar es Salaam, ilhali Nairobi likabaki na r yake ya kigeni. Penye masoko hayo, ambapo leo watu huuziana nguo na mboga, palikuwa na kambi za watu waliobeba vita vichwani mwao. Watkins ndiye aliyekuwa mkuu wa watu hao.

Alizaliwa mwaka 1877, mwana wa kasisi wa Kianglikana aliyetumikia kanisa huko India. Alisoma Oxford, akapigana katika vita vya Makaburu kule Afrika Kusini, kisha akajiunga na utawala wa Himaya ya Afrika Mashariki ya Kiingereza, jina la Kenya ya siku hizo. Kama mabwana shauri wengi wa wakati wake, alilazimika kujifunza Kiswahili. Tofauti na wengi wao, alikipenda akadumu nacho hadi mwisho wa uhai wake.

Vita vilipozuka Agosti 1914, serikali iligundua jambo ambalo ilipaswa kulijua tangu zamani. Katika nyika za mpakani mwa himaya yake na Afrika Mashariki ya Kijerumani, mbung'o angeua farasi, nyumbu na ng'ombe kabla risasi hazijawafikia. Magari yalikuwa machache na barabara hazikuwapo. Aliyebaki kubeba unga, risasi na majeruhi alikuwa mwanadamu. Watkins akapewa kazi ya kuunda kikosi cha wapagazi, akaanza na watu elfu chache. Kikosi hicho kilibadilishwa jina mara kadhaa, na kufikia mwisho wa vita yeye alikuwa mkurugenzi wa idara nzima ya kazi za kijeshi. Kutoka Kenya peke yake waliandikishwa zaidi ya watu 150,000.

Mwanzoni wengine walikwenda kwa hiari. Hiari hiyo haikudumu. Mwaka 1915 ilitungwa sheria iliyoruhusu watu kuchukuliwa kwa nguvu, na machifu wakaagizwa idadi ya vijana wa kupeleka. Mshahara nao ukashushwa hadi kati ya rupia 5 na 6 kwa mwezi, kiasi ambacho askari wa Keya alikipita mara kadhaa. Mwaka 1917 majeshi yalipowafuata Wajerumani kusini kabisa, John Ainsworth, aliyekuwa mkuu wa jimbo la Nyanza, aliteuliwa kuwa kamishna wa kijeshi wa kazi, na zaidi ya watu 100,000 wakakusanywa katika mkumbo mmoja. Huko Rufiji na kwingineko mvua iliwanyea, unga waliopewa haukupikika vizuri, na kuhara damu kukawaangamiza kuliko bunduki za adui. Kumbukumbu za ofisi ya Watkins mwenyewe zilikiri vifo zaidi ya 40,000, na kumbukumbu hizo hazikuwa kamili.

Msomaji atauliza kwa haki kama mtu aliyesimamia mauaji ya namna hiyo anastahili kukumbukwa kwa wema. Jibu langu ni kwamba anastahili kukumbukwa kwa ukweli. Alikuwa gurudumu la mtambo uliowasaga watu, na kazi yake ilikuwa kuuhakikishia mtambo huo chakula chake. Lakini ndani ya mtambo huo alidai blanketi, alidai chakula kilichopikwa, alidai hospitali. Jambo kubwa zaidi ni kwamba alidai kila mpagazi aandikwe jina na apewe namba, ili mshahara wake ujulikane. Wanajeshi wa ngazi za juu waliona huo ni usumbufu wa makarani. Watkins aliona kwamba mtu asiyeandikwa hawezi kudai, na jamaa zake hawawezi kumdai.

Vita vikaisha Novemba 1918, na hapo ndipo vita vya Watkins vikaanza upya. Vitabu vyake vilionyesha kuwa fedha nyingi za mishahara hazijachukuliwa na wenyewe. Wengi walikuwa wamekufa na warithi wao hawakupatikana. Wengine walikuwa wametoroka, au walipotea njiani, au walirudi makwao wagonjwa bila kupita ofisini. Watkins na Ainsworth walishika msimamo mmoja, kwamba fedha hizo zilitolewa jasho na Waafrika na ni lazima ziwarudie Waafrika. Ikiwa mrithi hapatikani, basi zitumike kwa manufaa ya makabila yaliyotoa watu hao. Serikali ya Kenya iliunga mkono dai hilo. Wizara ya Vita mjini London ilikataa. Hoja yake ilikuwa nyepesi kama unyoya: asiye na mrithi anayejulikana hana anayemdai. Barua zikaenda na kurudi, na katika miaka ya 1930 dai lilikuwa bado likitajwa, lakini mlango haukufunguliwa. Hazina ya Uingereza ikabaki na mishahara ya maiti.

Hapa naomba nivae joho la mwalimu wa isimu kwa dakika chache. Kwa nini warithi hawakupatikana? Sababu moja ni majina. Fikiria kijana wa Kinandi aliyeandikishwa kwa jina lake la Kip-, kisha nyumbani akajulikana kwa jina la baba yake, akiitwa arap fulani baada ya kupita jandoni. Kwa karani hao ni watu wawili. Fikiria Mjaluo aitwaye Otieno. Kila mvulana aliyezaliwa usiku ni Otieno, na kila Mbukusu aliyezaliwa mvua ikinyesha ni Wafula. Karani akiandika Otieno bila jina la baba, bila ukoo, bila kijiji, ameandika mamia ya watu kwa mkupuo mmoja. Fikiria tena Mkikuyu aitwaye Ng'ang'a, ambaye jina lake lina sauti ambayo sikio la mgeni huligeuza litakavyo. Isitoshe, vijana waliokamatwa kwa nguvu walikuwa na kila sababu ya kutaja majina yasiyo yao. Daftari la namna hiyo ni ushahidi wa mwajiri zaidi kuliko wa mwajiriwa. Mwenye kuliandika ndiye mwenye kusema nani alikuwapo, na siku ya malipo ndiye huyo huyo anayesema kwamba hamjui anayedaiwa kuwa mrithi.

Wakati dai la wapagazi likizungushwa katika ofisi, wapiganaji wa rangi nyingine walitunzwa upesi. Mwaka 1919 ulianzishwa mpango wa kuwagawia ardhi wanajeshi Wazungu, mashamba zaidi ya 1,000, na walioomba wakapigiwa kura ya bahati katika ukumbi wa maonyesho mjini Nairobi. Sisi tunaoishi Eldoret hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta alama za mpango huo. Ardhi ya Kipkarren na Kaimosi ilimegwa kutoka katika hifadhi ya Wanandi ili igawiwe walowezi hao. Kwa hiyo mzee wa Kinandi aliyepeleka mwanawe akabebe mizigo ya Mfalme aliweza kupoteza mwana, mshahara wa mwana, na shamba, vyote kwa vita vile vile. Na mwaka 1920, aliporudi nyumbani yule aliyejaliwa kurudi, kodi ya kibanda ikapandishwa hadi rupia 8.

Watkins aliyaona haya akiwa ofisini. Baada ya Ainsworth kustaafu alikaimu nafasi ya Kamishna Mkuu wa Mambo ya Wenyeji, cheo kilichopaswa kuwasemea Waafrika katika Baraza la Kutunga Sheria, kwani humo hapakuwa na Mwafrika hata mmoja. Hakuthibitishwa. Mwaka 1921 cheo hicho alipewa G. V. Maxwell aliyetoka Fiji. Hadi mwaka 1944, alipoteuliwa Eliud Mathu, habari za Mwafrika zilisemwa katika baraza hilo na watu wengine kwa niaba yake. Kwa maoni yangu hicho ndicho kiini cha kushindwa kwa dai la wapagazi. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Msemaji wa kuazimwa, hata akiwa mwaminifu, husema mpaka pale bosi wake anapomkanya.

Alipostaafu, Watkins hakukaa kimya. Mwaka 1939 lilianzishwa gazeti la Kiswahili la Baraza mjini Nairobi, naye akawa mhariri wake hadi alipofariki mwaka 1943, katikati ya vita vingine vilivyowachukua tena vijana wa Afrika Mashariki. Sisi tunaoandika katika magazeti ya Kiswahili tunayo haki ya kumhesabu katika ukoo wetu, pamoja na kasoro zake.

Katika Kenyatta Avenue, Nairobi, zimesimama sanamu tatu za shaba zilizozinduliwa mwaka 1928, na mmoja wa watu hao watatu ni mpagazi. Mpagazi huyo hana jina. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri katika ripoti yake kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine wakafikia 350,000, waliokufa katika vita hivyo, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Kukiri ni mwanzo mwema. Lakini ripoti hailipi mshahara.

Nikikomea hapa nitakuwa nimesimulia hadithi ya kale tu. Tuangalie basi nyumbani kwetu. Katika Bonde la Kerio, Baringo na Pokot, kwa miaka mingi tulikuwa na askari wa akiba wa polisi, wanakijiji waliopewa bunduki na kuachiwa jukumu la kuwazuia wezi wa mifugo. Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya mwaka 2011 iliwapa jina jipya. Haikuwaondolea adha ya zamani, ya kutumikia miaka nenda miaka rudi bila mshahara wala malipo ya uzeeni. Mwaka 2019 serikali ilitwaa silaha zao ili iwachuje. Katika miaka ya karibuni imeandikisha wengine na kuwapa posho. Ni hatua ya kupongezwa, lakini posho ni hisani, na hisani huweza kusitishwa kwa barua ya mstari mmoja. Anayekesha mlimani akilinda ng'ombe wa jirani anahitaji sheria.

Kutokana na maisha ya Watkins nawapendekezea wabunge wetu mambo matatu. Kwanza, kiwango cha malipo ya askari wa akiba, na fidia ya kifo au kilema, kiandikwe ndani ya sheria yenyewe, kisiachiwe ofisa wa kukadiria. Pili, kila mmoja aandikishwe kwa majina yake yote, kwa namna anavyoyatamka na kuyaandika mwenyewe, pamoja na ukoo, kijiji na warithi, na nakala ya daftari hilo ibaki kwa watu wake. Tatu, malipo ambayo mwenyewe hakuyachukua yasirudi kimya kimya katika mfuko wa aliyemwajiri. Kanuni hii si ngeni kwetu. Mwaka huo huo wa 2011 Bunge lilitunga sheria kuhusu fedha zisizodaiwa, ambayo msingi wake ni kwamba fedha ya mtu haiwi ya aliyeishika kwa sababu tu mwenyewe hakuja.

Kwa kanuni hiyo yetu wenyewe, ile mishahara ya Kariakoo bado ina wenyewe. Serikali yetu ina kila sababu ya kulirudisha dai hilo mezani kwa Waingereza, na vijiji vilivyotoa watu hao vinajulikana. Lakini itakuwa aibu kubwa kwenda London kudai mishahara ya mababu, hali watoto wa askari wa akiba aliyeuawa Tot au Kapedo wanazungushwa kutoka ofisi hadi ofisi kwa sababu jina la baba yao halionekani katika daftari.